Niliwashukuru watu niliokwenda kuwashtaki

Jumanne, mwezi wa tatu. Saa kumi na moja jioni.

Joto la leo ni lile la kunata. Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha, upepo umekufa, na hapa mtaani kwetu Point, kwenye ngazi za jengo letu, hata ukuta unatoka jasho. Nimekaa ngazini na simu yangu kwa sababu ndani kuna mtu asiyetaka kuniona. Mtu huyo ni mwanangu wa kwanza, Divine, ana miaka kumi na saba.

Ana haki.

Humu kwenye ukurasa wangu huwa naandika vituko vya saluni: nani kaja na nywele gani, nani kaondoka analia. Leo sina kituko. Leo nimefanya ujinga mbele za watu, kwenye maiki, na ujinga wenyewe umeandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge. Nikikaa nao kifuani nitapasuka, kwa hiyo nauandika.

Divine alizaliwa hapa hapa Durban, hospitali ya serikali. Walinipa karatasi ya kuonyesha nimejifungua, ninayo mpaka leo, nimeifunga kwenye nailoni. Lakini cheti cha kuzaliwa hakikutoka, kwa sababu wiki ile vibali vyetu vya ukimbizi, changu na cha baba yake, vilikuwa vimeisha muda. Tukaambiwa tukivihuisha turudi. Tukavihuisha, tukarudi. Tukaambiwa mtoto sasa amechelewa, kuna fomu nyingine. Tukajaza. Tukazungushwa miaka na miaka, mwisho faili likapelekwa makao makuu. Sasa ni mwaka wa sita liko huko, na kila nikifika dirishani naambiwa yale yale: sistimu imelala, mama, njoo baada ya miezi mitatu. Namba ya faili naijua kwa kichwa kuliko namba yangu ya simu.

Mdogo wake, Ketsia, wa darasa la tatu, naye yuko hivyo hivyo, hana cheti, faili lake liko huko huko. Lakini kwa Ketsia nilikuwa najiambia bado mapema.

Kwa Divine si mapema tena. Mwaka huu yuko matriki, darasa la mwisho la sekondari. Mwezi uliopita mwalimu mkuu msaidizi aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba bila namba ya cheti jina la mtoto haliwezi kuingia kwenye orodha ya watahiniwa. Amemvumilia, amemsubirisha, amefika mwisho wa uwezo wake. Orodha inafungwa Ijumaa.

Ijumaa hii. Leo ni Jumanne.

Ndiyo maana Papa Olivier alipokuja saluni na habari zake, niliacha mteja na nywele nusu. Papa Olivier ni Mkongo wa Uvira, mwenyekiti wa umoja wetu sisi watu wa Kiswahili hapa mjini, na ndiye anayetutafsiria tukiwa na shida za ofisini. Akasema wanakuja wajumbe wa Bunge, wanakuja kusikiliza watu, ukumbini, mjini, siku moja tu.

Mimi sikujua kama Bunge la hapa lina mabaraza mawili. Nilijua lile la kupigiana kelele kwenye televisheni. Kumbe kuna la pili, la juu, kwetu Burundi tungesema Seneti, ambalo watu wake wanakaa kwa niaba ya mikoa, na wana kamati zinazofunga safari kwenda kuangalia kama serikali inafanya ilichosema inafanya. Nikamuuliza Papa Olivier, sasa hao watanipa cheti? Akacheka.

“Bale habatoake makaratasi, Mama Divine. Bale banaulizaka benye kutoa makaratasi.”

Yaani wenyewe hawagawi karatasi, kazi yao ni kuwahoji wanaozigawa. Akanieleza vizuri. Wajumbe wanakaa mbele. Maofisa wa idara za serikali wanakaa upande, wamebebeshwa mafaili yao. Mwananchi anasimama anasema shida yake, halafu mjumbe anamgeukia ofisa: kwa nini? Na jibu linaandikwa. Kama ofisa hana jibu, swali linaondoka na wajumbe mpaka Cape Town, linapelekwa kwa waziri mwenyewe, na waziri lazima ajibu kwa maandishi na sahihi yake. Nikafikiria hilo jambo nikiwa nimeshika kitana. Mtu wa dirishani anaweza kuniambia njoo baada ya miezi mitatu. Waziri hawezi kuwaandikia wajumbe barua ya namna hiyo, atachekwa.

Na huenda, nilijiambia, ofisa akiulizwa pale pale mbele ya watu, aibu itamshika, atapiga simu makao makuu siku hiyo hiyo. Mambo ya miaka sita yanaweza kumalizika kwa simu moja. Nimeshayaona hayo maishani.

Sisi watu wa Kiswahili tulipewa nafasi moja. Msemaji mmoja, dakika tatu, na tafsiri imo humo humo. Umoja ukakutana kanisani, wakanichagua mimi. Si kwa sababu nina elimu. Walinichagua kwa sababu nina mdomo, na hilo hata mume wangu alinyoosha mkono kuliunga.

Jumapili nilifanya mazoezi hapa nyumbani. Nilisimama kati ya kitanda na jiko, Ketsia akawa mwenyekiti, Divine akashika simu kuhesabu dakika. Nilianza vizuri, nikasalimu, nikashukuru. Divine akanikatisha.

“Mama, anza na swali.”

Nikamuuliza, unasemaje? Akarudia. Anza na swali, mama, sema namba ya faili, halafu shukuru mwishoni kama muda umebaki. Jamani, nilimshukia mtoto yule! Nikamwambia mimi sikumzaa mtoto wa kuwaingilia wakubwa kama anaingia chooni. Nikamwambia hizo ni tabia za hapa, za watu wa haraka haraka, sisi tuna malezi. Ukitaka kumkamua ng'ombe, kwanza unampapasa.  Alizima simu, akaenda kuosha vyombo, na mimi nikajiona mama bora aliyemfunza mwanawe adabu.

Sikulitoa hewani hilo. Mimi nimekulia kambini, Kigoma, upande wa Tanzania, tulikimbilia huko nikiwa mdogo. Kambini mkubwa akija, tunapangwa mistari. Mwenye kusema anaanza na mkuu wa kambi, anashuka kwa wageni waliofuatana naye, viongozi wa dini, wazee wa vijiji, akina mama, ndipo aseme mwishoni, kwa sauti ya chini, kwamba mahindi ya mwezi huu yalikuwa na wadudu. Aliyeanza na wadudu aliitwa mkorofi, na mkorofi jina lake lilikumbukwa siku ya kugawa blanketi. Baba yangu alikuwa bingwa wa kusalimu. Hatukuwahi kulala bila blanketi. Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na niliisoma nikafaulu.

Basi, leo.

Nilivaa kitenge changu cha bluu, kile cha harusi za watu. Divine aliomba ruhusa shuleni, akaja na sare yake, nikafurahi, nikasema wajumbe wamwone mtoto wa sare. Tulitembea mpaka mjini kuokoa nauli. Ukumbi ulikuwa umejaa, feni zinazunguka juu bila kumsaidia mtu. Wajumbe walikuwa saba, mezani, mbele. Katikati mwenyekiti wao, mwanamume mnene wa sauti nzito. Pembeni yake mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, hakuwa anaongea, alikuwa anaandika tu. Upande wa kushoto maofisa, na kati yao yule wa idara inayohusika na vyeti. Kijana wa suti, tai nyembamba. Namjua. Miaka yote ya foleni nimemwona akipita nyuma ya madirisha na kikombe cha chai.

Kabla yangu alisimama gogo mmoja, bibi wa Kizulu, wa kutoka kitongoji cha nje ya mji. Hakusalimu. Alimnyooshea kidole ofisa wa maji, akasema bomba lao limekauka tangu baridi iliyopita na huyu hapa, huyu, aliwaambia litatengenezwa wiki ile. Basi. Akakaa. Hata nusu dakika haikufika.

Mimi nikasikitika. Naapa, nikasikitika kwa ajili yake. Nilisema moyoni, maskini, bibi kaharibu.

Kumbe subiri. Yule mama wa miwani aliinua kichwa. Akamgeukia ofisa wa maji, akamuuliza kwa Kizulu, kile cha polepole ambacho hata mimi wa saluni nakielewa: ulisema au hukusema? Ofisa akaanza kueleza habari za bajeti. Akakatishwa. Ulisema au hukusema? Akasema, nilisema. Nani anasimamia hiyo kazi, jina lake? Ofisa akafungua faili, akafunga, akafungua tena. Akatoa jina. Litatengenezwa lini? Akasema itabidi aulize. Mama wa miwani akamwambia, toka nje ukaulize sasa hivi, tunakusubiri. Na jamaa akatoka! Mtu mzima na suti yake, akatoka mbio na simu sikioni, akarudi na tarehe, tarehe ikaandikwa, gogo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji yake sawasawa.

Nililiona hilo kwa macho yangu haya mawili. Lilitokea mbele yangu, dakika tano kabla sijaitwa. Mtu mwenye akili angejifunza. Mimi nilikuwa narudia salamu zangu moyoni nisisahau hata moja.

Papa Olivier akaninong'oneza, “Mama Divine, iko dakika tatu tu. Bakigonga kengele ni kwisha. Unasikia?” Nikamwambia nasikia.

Nikasimama. Nikashika maiki kwa mikono miwili. Nikasema, Bwana asifiwe. Nikasubiri. Hakuna aliyejibu amina isipokuwa watu wetu wa nyuma, kwa hiyo nikarudia, Bwana asifiwe sana. Papa Olivier akatafsiri. Nikawaambia ndugu zetu Waislamu asalamu aleikum. Akatafsiri. Nikamsalimu mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, maofisa wa idara zote, watumishi wa Mungu, akina mama, vijana, na walinzi wa mlangoni waliotupokea vizuri. Akatafsiri, na Papa Olivier naye kwa Kiingereza hajui kufupisha, kila neno langu alilivika suti.

Nikamshukuru Mungu aliyetuamsha. Nikaishukuru nchi hii iliyotupokea tukiwa hatuna kitu. Halafu, na hapa ndipo nataka kujipiga makofi, nikamgeukia yule kijana wa tai nyembamba. Nikasema: naishukuru pia idara hii, kwa kazi kubwa wanayoifanya usiku na mchana, kwa uvumilivu wao kwetu sisi wageni, Mungu awazidishie.

Nilimpapasa ng'ombe.

Nikavuta pumzi. Nikasema, sasa waheshimiwa, pamoja na shukrani hizo...

Kengele.

Nilidhani ni ya mtu mwingine. Nikaendelea, nikasema mimi nina mtoto, lakini maiki ilikuwa imezimwa, na binti mmoja wa ukumbi alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua, kwa tabasamu, kwa heshima zote. Papa Olivier akainua mkono, akasema mama hajafika kwenye shida yake. Mwenyekiti akasema kanuni ni moja kwa wote, watu arobaini bado wanasubiri, atakayebaki na neno aliandike.

Halafu kijana wa tai nyembamba akaomba nafasi. Akapewa. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa chote kwamba idara yake inapokea kwa unyenyekevu shukrani za jamii ya wageni, na kwamba inatia moyo kusikia kutoka kwa wananchi wenyewe kwamba wageni wameridhika na huduma.

Wameridhika na huduma!

Mwenyekiti akasema imepokelewa. Karani akaandika. Nilimwona anaandika. Yule mama wa miwani aliniangalia kwa muda, juu ya miwani, kalamu imesimama, kisha naye akageuza ukurasa, maana angemuuliza nini ofisa aliyetoka kushukuriwa?

Na watu wetu wakapiga makofi. Hilo ndilo linalonimaliza. Walipiga makofi kwa nguvu. Mama mmoja wa Bujumbura alinishika mkono nikirudi kukaa, akaniambia umesema vizuri sana, Mama Divine, umetuheshimisha. Alikuwa anasema kweli. Kwa namna tulivyolelewa mimi na yeye, nilisema vizuri sana.

Nikamtafuta Divine. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na begi mgongoni. Hakulia. Afadhali angelia. Aliniangalia kama anavyoangalia basi lililompita, akageuka, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akivuka barabara, hata robot, taa ya barabarani, hakuisubiri, magari yanampigia honi, na mimi sikuweza kupaza sauti ndani ya ukumbi wa Bunge. Hata wakati huo niliona haya kupaza sauti. Eish, mimi.

Kilichofuata nilikifanya bila adabu yoyote, labda kwa sababu sikuwa na kitu cha kupoteza tena. Wajumbe walipotoka kunywa chai nilipita chini ya ile kamba nyekundu. Mlinzi akaniita, nikajifanya kiziwi. Nilimkuta mama wa miwani na sambusa mkononi, nikamshika mkono. Nikamwambia kwa Kizulu changu cha saluni, mama, mimi sikuja kushukuru. Baada ya hapo Kizulu kikaniishia. Papa Olivier alinifuata akihema, akanisaidia kusema yote: hospitali, vibali, faili, miaka sita, Ijumaa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuweka sambusa chini wala hakuila. Kisha akasema kitu, na Papa Olivier alipotafsiri aliangalia sakafu. Alisema: mama, usiwashukuru watu mbele yangu. Wakishashukuriwa nimefungwa mikono, siwezi kuwauliza kitu, maana nitakuwa naulizia kosa ambalo aliyekosewa mwenyewe amesema halipo.

Nikamwambia nisamehe. Akasema si mimi wa kuombwa msamaha.

Lakini aliniambia kuna njia. Kesho saa tatu asubuhi wanaondoka kwenye hoteli yao, pale South Beach. Nikimletea karatasi kabla ya hapo, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, swali moja, namba ya faili na majina, ataiweka pamoja na za ukumbini na swali litakwenda kwa waziri kwa jina lake yeye, mjumbe. Akaniambia usiandike hadithi. Andika unachotaka ajibu.

Nikamuuliza, jibu litafika kabla ya Ijumaa?

Hakuhitaji tafsiri. Alielewa kwa uso wangu. Akatikisa kichwa. Swali linaingia kwenye kamati kwanza, kamati inalipeleka, waziri ana wiki zake za kujibu. Kwamba leo ukumbini ofisa angeweza kutolewa nje kwenda kupiga simu kama yule wa maji, hakulisema. Nililisema mwenyewe njia nzima mpaka Point.

Kwa hiyo hapa nilipo, ngazini, nina karatasi kwenye goti. Nimeandika mara tatu kwa Kiswahili. Ya kwanza ilianza, Mheshimiwa Mama, kwanza kabisa nachukua nafasi hii. Nikaichana. Ya pili niliweka habari za kambi na za mvua ya siku ya kujifungua, ikajaa pande mbili. Nikaichana. Mkono wangu haujui kuuliza. Una miaka arobaini na moja na haujawahi kumuuliza mkubwa jambo lolote moja kwa moja.

Ya tatu ni hii: Kwa nini faili la Divine, aliyezaliwa Durban, limekaa makao makuu miaka sita bila jibu, na ni nani analo mkononi leo?

Nikiisoma najisikia kama nimemtukana mtu. Iache hivyo hivyo.

Sasa inatakiwa iwe kwa Kiingereza. Papa Olivier ameshaingia kazini, anarudi kesho mchana. Baba Divine analinda magari ya watu ufukweni, na Kiingereza chake ni cha kuelekeza gari lirudi nyuma. Kuna mtu mmoja tu katika nyumba hii anayeweza kuandika Kiingereza cha kupelekwa kwa waziri, na amefunga mlango.

Naingia. Nikitoka nitaandika.

Saa moja na nusu.

Nimeingia. Alikuwa amelala anaangalia ukuta, bado na sare yake. Ketsia alikuwa chini anachora, akaniwekea kidole mdomoni nisipige kelele. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno, kuna methali mbili nilizitayarisha, za majuto. Nikaona nikianza na hizo nitakuwa nasalimu tena.

Nikamwambia, “Ulikuwa sahihi Jumapili. Nilikugombeza bure na nimekuharibia. Nisamehe.”

Hakugeuka. Nikaweka karatasi karibu na mkono wake, nikamweleza alichosema yule mama wa miwani, nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Sijui ni dakika ngapi. Wali uliungua jikoni, nikauacha uungue.

Mwisho akaichukua. Akasoma. Akageuka akaniuliza, “Litajibiwa kabla ya Ijumaa?”

Mama mwingine angesema Mungu ni mwema. Nilikuwa nalo hilo neno mdomoni. Nikamwambia hapana. Nikamwambia wiki nyingi, labda mwezi, labda zaidi. Akasema, “Kwa hiyo mimi mwaka huu siandiki mtihani.” Sikuweza kusema ndiyo. Niliitikia kwa kichwa, na yeye akaangalia pembeni, akafungua kifungo cha kola ya sare, na mimi niliyempigia pasi hiyo kola asubuhi nilitamani ardhi inimeze.

 Kisha akainuka, akatoa daftari lake la Kiingereza, akachana ukurasa wa katikati taratibu kwa rula, akaandika. Mwandiko wake ni mzuri, jamani, herufi zimesimama kama watoto paredi. Mstari mmoja, namba ya faili, jina lake kamili, hospitali, basi. Nilidhani amemaliza. Nikanyoosha mkono.

Akaniuliza namba ya faili la Ketsia.

Nikamwambia tuliambiwa swali moja. Akasema ni swali moja, majina ni mawili. Nikamtajia namba, kwa sababu nayo naijua, ingawa mwaka mzima sijaenda kuiulizia. Ketsia alisikia jina lake akaja na penseli yake kuangalia, akauliza wanaandika nini. Divine akamwambia, “Tunakuandikia barua kwa waziri.” Ketsia akacheka akadhani anataniwa.

Nilifikiri atampanga mdogo wake chini. Chini palikuwa na nafasi tele. Alimwandika juu ya jina lake mwenyewe, kwenye mstari wa kwanza, pale palipokuwa wazi, akabana herufi zikatosha. Akanipa karatasi.

“Mimi nimeshachelewa, mama. Huyu bado.”

Nimekwenda bafuni nikafungua bomba wasinisikie.

Karatasi iko ndani ya nailoni, pamoja na zile za hospitali. Kesho kabla ya saa mbili nitakuwa mlangoni pa hoteli yao, South Beach, na nikimwona yule mama sitamwambia hata habari za asubuhi, nitampa mkononi. Wakinifukuza nitarudi. Hiyo ni kesho, na kesho naiweza.

Ijumaa orodha inafungwa. Jumamosi asubuhi Divine huwa anaamka mapema kusoma, anataka nimwamshe saa kumi na moja. Nimwamshe akasomee nini?